Mwizi aliyejua kuchagua viota

Jua bado liko chini ya bahari, lakini Zdravka Kalcheva amekwisha kulala kifudifudi juu ya tuta la udongo, katikati ya mabwawa ya chumvi ya Slanitsa. Amevaa koti la marehemu mumewe, ameshika darubini iliyofungwa kwa utepe wa fundi umeme, na hana subira na mtu anayekohoa.

"Ukikohoa tena nakurudisha getini," anamwambia mwandishi wa makala haya bila kugeuka. "Hawa wana macho kuliko askari wa barabarani."

Anaowazungumzia ni ndege wawili wadogo walio mbele yetu, umbali wa kutupa jiwe. Kwa mtu aliyezoea kuku, ni ndege mmoja aliyerudiwa mara mbili: mgongo wa rangi ya mchanga, tumbo jeupe, kichwa cha mviringo. Wanakimbia, wanasimama ghafla kama waliosahau kitu nyumbani, wanadonoa, wanakimbia tena.

"Haya, yupi wangu?" anauliza.

Nakisia wa kushoto. Anaguna kwa dharau.

"Wewe mtoto wa Ginka wa posta, ungekuwa mlinzi mwenzangu ningekufukuza kabla ya chai. Mtazame kifuani. Wa kushoto kavaa mkufu mweusi mzima, umemzunguka shingo. Na jicho lake lina duara la njano, kama kalipaka mwenyewe. Huyo ni kitwitwi wa changarawe. Wapo kibao, hata nyuma ya kiwanda cha matofali wanataga. Wangu ni wa kulia. Mkufu wake umekatika mbele, umebaki vipande viwili tu pembeni. Miguu yake myeusi. Huyo ndiye kitwitwi wa chumvi, na huyo hana pengine pa kwenda."

Yupo na ndugu yao wa tatu, ananieleza, mwenye miguu ya rangi ya chungwa na mdomo wa rangi mbili. Lakini huyo ni mpita njia, huonekana majira ya kuchipua na majira ya baridi yanapokaribia, hana mke wala kiota Slanitsa. "Kama wakwe zangu," anaongeza.

Kwenye tope la bwawa la pili wapo wengine: warefu wenye miguu myekundu iliyokonda kama vijiti, na weupe kwa weusi wenye mdomo uliopinda kwenda juu, wanaofyeka maji kushoto na kulia. Wote hao ni watu wa ukoo mmoja wa kutembea majini, anasema, ila kila mmoja ana kazi yake. Wenye midomo mirefu hupapasa topeni bila kuona, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Kitwitwi ana mdomo mfupi na jicho kubwa. Yeye huona kwanza ndipo akimbilie.

Ghafla kitwitwi wa chumvi anaanza kuburuta bawa moja, analia, anajikokota chini mbali na sisi. Nainuka nusu kumtazama. Zdravka ananivuta shati.

"Mwongo huyo," anasema kwa mapenzi. "Hajaumia popote. Anataka umfuate yeye. Akikulilia upande huu, ujue mayai yako upande ule."

Sentensi hiyo niliiweka akilini asubuhi nzima, na sikuwa nikiwafikiria ndege.

Niseme wazi. Mimi ni mtu wa hapa, na sisi watu wa Slanitsa hatununui hata tikiti maji bila kuligonga kwanza. Mwanamke huyu hajawahi kuzungumza na gazeti. Miaka miwili iliyopita tulipomwomba picha tu, alitufungia dirisha. Mwezi huu akapiga simu mwenyewe, akasema njooni mwone kazi yangu. Mhariri akafurahi. Mimi nikauliza: kwa nini sasa?

Kwa sababu mjini jina la Zdravka halitajwi bila jina lingine, la Panayot Hrusanov. Mwaka jana mayai ya kitwitwi wa chumvi yalitoweka kwenye Tuta la Kati, kiota baada ya kiota, na Zdravka alisimama hadharani akamtaja Panayot kuwa mwizi. Ushirika wa chumvi ukamnyang'anya mzee huyo ufunguo wa geti. Tangu hapo nyumba hizo mbili hazisalimiani, na mji umekwisha kutoa hukumu. Lisemwalo lipo, watu wanasema, na wanaendelea kulisema ili liwepo.

Nilikuja kujua kama ni kweli. Nilitaka pia kujua ni nini anachokitafuta yeye kwetu.

Zdravka ana miaka hamsini na minane. Aliingia mabwawani alipomaliza shule, akiwa miongoni mwa wasichana waliokwangua chumvi kwa reki za mbao na kuisukuma kwa mikokoteni ya gurudumu moja. Mikono yake bado ina nyufa za maji ya chumvi ambazo mafuta ya aina zote yameshindwa kuzifunga. Mumewe, Dimo, aliyekuwa fundi wa pampu, alianguka na kufa kwa moyo akiwa kazini. Binti yao wa pekee yuko mjini Plovdiv na mumewe.

Reki za mbao zilipobadilishwa na matrekta, wanawake wengi walirudi nyumbani. Yeye alibakizwa kuwa mlinzi wa viota, kuanzia miti inapochanua hadi vifaranga wanapoweza kuruka. Hulipwa leva mia tisa kwa mwezi, na majira yakiisha hufungasha dagaa kwenye ghala la bandarini.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Wakati ndege wanataga, ndio wakati huohuo mafundi wanatengeneza matuta yaliyobomolewa na mawimbi ya majira ya baridi. Ushirika umekubali trekta zizunguke viota vya kitwitwi wa chumvi, ndege adimu, lakini si vya yule wa changarawe, maana wakizunguka vyote hakuna tuta litakalotengenezwa. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kusema hiki ni cha nani.

"Mayai yenyewe yanafanana," anasema. "Matatu, manne, rangi ya mchanga na madoa. Lazima umsubiri mama arudi akae, umtazame kifua. Nimemsubiri mama hadi mguu ukafa ganzi, nikadhani nimepooza."

Mwaka jana alikuwa na njia yake ya kuweka alama. Kila Machi, Slanitsa yote huvaa mkononi uzi mwekundu na mweupe wa kuombeana afya. Ukimwona korongo wa kwanza, au mti wa kwanza uliochanua, unauvua na kuufunga kwenye tawi. Mti wa pale getini hujaa nyuzi hizo mpaka huoni majani. Zdravka alizifungua kadhaa, akazifunga kwenye vijiti vya matete, na kuchomeka kijiti kimoja hatua moja kutoka kila kiota cha kitwitwi wa chumvi.

"Dereva wa trekta anaona wekundu kwa mbali, anakata kona," anasema. "Halafu ni uzi wa afya. Nikasema na wao wapate baraka kidogo. Mama yangu alikuwa anafunga uzi hata mkiani mwa ndama. Nani angeushuku uzi wa Machi?"

Mwanzoni mwa Mei viota vikaanza kuwa vitupu. Hakukuwa na maganda wala manyoya, na hakukuwa na nyayo za mbweha kwenye udongo laini. Mbali na nyayo za ndege, zilizojaa kila mahali, palikuwa na nyayo za binadamu tu. Kilichomkosesha usingizi ni jambo jingine: viota vya kitwitwi wa changarawe, vilivyokuwa hatua chache tu pembeni, havikuguswa hata kimoja.

"Ungekuwa wewe ungefikiri nini?" ananiuliza, na mara hii ameiweka darubini chini. "Mbweha hachagui. Mbwa hachagui. Huyu anachagua wa chumvi, anamwacha wa changarawe. Huyu anajua ndege! Na katika mji mzima wanaojua kuwatenganisha hawa wawili tuko wawili. Mimi, na aliyenifundisha."

Aliyemfundisha ni Panayot Hrusanov.

Panayot alikuwa fundi mkuu wa chumvi enzi za reki. Ndiye aliyesimamia ndoa ya Zdravka na Dimo, ndiye baba wa ubatizo wa binti yao. Kwa lugha ya nyumbani ni kumu wake, na kwetu huwezi kumjibu kumu kwa ukali hata akikukanyaga mguu. Baada ya kustaafu alipewa ufunguo wa geti ili achimbe minyoo ya chambo kandokando ya mabwawa na kuwauzia wavuvi wa ndoano. Kila alfajiri alipita Tuta la Kati na koleo lake na ndoo yenye kifuniko.

"Kifuniko cha nini?" Zdravka anauliza, kana kwamba kesi bado iko mahakamani. "Minyoo haina mabawa. Hiyo ndoo ilinila akili. Halafu nikakumbuka alivyokuwa anasimulia, utotoni kwao walikuwa wanakula mayai ya hawa ndege, yamekaangwa na vitunguu. Nikasema basi, dalili ya mvua ni mawingu."

Alimpigia simu Eleonora Vasheva, mtaalamu wa ndege kutoka mji mkuu, Sofia, anayekuja hapa mara kwa mara kuwavisha vitwitwi pete za miguuni. Mtaalamu naye akasema wapo watu wanaokusanya mayai ya ndege adimu, na kwamba mwizi anayechagua hivyo lazima awe mtu. Nilimtafuta Eleonora kwa simu, hakulikwepa jambo hilo. "Niliyasema," alikiri. "Nilikuwa mbali, nikategemea alichoniambia, na alichoniambia kilikuwa kweli tupu. Kosa lilikuwa kwenye maana yake."

Jumamosi moja, sokoni, mbele ya meza ya samaki, Zdravka alimkuta Panayot kwenye foleni. Mji mzima ulikuwepo, kama kawaida ya Jumamosi.

"Nikamwambia: Kumu, samaki wa nini? Mayai ya leo umeshayamaliza? Au umewauzia Wajerumani wanaokusanya mayai?"

Mtu akacheka. Panayot akaurudisha mfuko wa samaki mezani, akaondoka bila kusema neno. Waliokuwepo wakasema, mwenye haki angejitetea. Jumatatu ushirika ukachukua ufunguo.

Mayai yakaendelea kutoweka.

Hapo mtu mwingine angejiuliza maswali. Zdravka akaamua kwamba Panayot anaingia kwa kuruka uzio. Juni ilipoanza akaamua kumtegea. Alinunua mayai ya kware dukani, ambayo kwa umbo na madoa hayapishani sana na ya kitwitwi, akayapaka tope kidogo, akayalaza kwenye kishimo alichokichimba kwa kisigino. Hapakuwa na ndege wala kiota. Hatua moja pembeni akachomeka kijiti chenye uzi mwekundu na mweupe, kama vile vingine. Kisha akajifungia ndani ya nyumba ya pampu na darubini yake.

"Nilijua atakuja," anasema. "Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kumwambia. Nilikuwa nayasema kwa sauti, peke yangu, na pampu inanisikiliza."

Jua lilipopanda alikuja kunguru, yule wa kijivu mwenye kichwa cheusi. Hakuzunguka angani kutafuta. Alitua moja kwa moja kwenye uzi wa kwanza, akatembea kulia kwake, akatembea kushoto, akakuta kishimo kitupu alichokwisha kukimaliza siku zilizopita. Akaruka hadi uzi wa pili. Kisha wa tatu. Alikuwa akipita uzi kwa uzi kama mtu wa kusoma mita za umeme. Alipofika kwenye uzi wa mtego akachukua yai la kware zima mdomoni, akaenda nalo upande wa miti ya poplari, akarudi kuchukua la pili.

Viota vya kitwitwi wa changarawe alivipita bila kuviona. Havikuwa na uzi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," anasema Zdravka. "Mimi ndiye niliyemwekea vibao vya barabarani. Kama si mimi asingeona yai hata moja, hawa ndege wanajua kuficha kuliko mtu yeyote. Mimi niliwafichua. Mimi, na baraka zangu za Machi."

Aling'oa vijiti vyote asubuhi hiyohiyo. Mama waliokuwa wamesalia na mayai wakaangua salama. Mwaka huu haweki alama yoyote. Anakariri kila kiota kwa kukilinganisha na nguzo za zamani za mbao, na trekta ikija anatangulia mbele yake kwa miguu, mikono ameitandaza, huku madereva wakimpigia honi na kumwita bibi harusi.

Ni hadithi nzuri. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliishuku.

Nikamwuliza: kama ulijua tangu Juni mwaka jana kwamba ni kunguru, kwa nini mpaka leo hii mji unasema ni Panayot?

Akaichukua darubini akaielekeza bwawani, mahali ambapo hapakuwa na ndege yeyote.

"Shangazi, wewe uliwaambia watu wa ushirika?"

"Niliwaambia nimebadili njia ya alama."

"Hukuwaambia kwa nini?"

"Hawakuuliza."

"Na sokoni?"

"Wewe umekuja kuandika habari za ndege au kunihukumu?" Akaniangalia kwa mara ya kwanza uso kwa uso. "Unafikiri ni rahisi? Kila nilipotaka kusema, mtu ananipiga bega: hongera Zdravka, umemfukuza mwizi, mayai yamepona. Mayai yamepona kweli! Wote wanaona ni kwa sababu Panayot hana ufunguo. Nikawa nanyamaza leo, nikisema nitasema kesho. Kesho ikawa na watu zaidi ya leo."

Aliondoka kwenda kufungua maji ya bwawa la tatu, akaniacha na mbu.

Mchana huo nilienda kwa Panayot Hrusanov. Nyumba yake iko mwisho wa mtaa wa ghala, ina geti la chuma lililopakwa rangi ya mashua. Aligeuza komeo, akafungua kiasi cha pua.

"Nani kakutuma?"

"Gazeti, mzee."

"Gazeti halina miguu. Nani kakutuma?"

Nilimwambia ninaandika kuhusu kazi ya Zdravka. Akacheka bila furaha, akafungua geti lote, ila alinikalisha uani na si ndani, na mbwa akamlaza kati yetu. Kahawa aliileta. Kabla sijainywa akasema, "Utaandika 'inadaiwa'. Nalijua neno lenu hilo. Mtu akishaandikwa 'inadaiwa' hata kaburini anadaiwa."

Ana miaka sabini na mmoja. Chambo sasa anakichimba kwenye mlango wa mto, huko mbali, kwa baiskeli, na goti lake moja limevimba kama kitunguu. Nilimwuliza habari ya kifuniko cha ndoo, maana nami ilikuwa imenikaa kichwani. Alinitazama kwa huruma.

"Jua, bwana. Mnyoo ukipigwa na jua unakufa, mvuvi hanunui maiti. Angeniuliza yeye ningemwambia. Hakuuliza."

Nilimwuliza watu wanamtendeaje. Akaanza kumkuna mbwa masikio.

"Wananiita Kimanda. Wakubwa wananong'ona, watoto wanapaza sauti. Mjukuu wangu anaitwa Mtoto wa Kimanda shuleni, akapigana, akarudi jino limetoka. Jirani yangu huyu hapa, nikipita kwenye banda lake la kuku anasimama mlangoni mpaka nipite. Miaka arobaini nimemkopesha jirani huyu ngazi."

Kisha, bila kuulizwa, alisema kwamba Zdravka alikuja kwake mwaka huu, Jumapili ya Kuombana Radhi, ile ya kabla ya mfungo wa Pasaka, ambapo wadogo huenda kwa wakubwa na hasa kwa kumu wao. Alibeba halva nyeupe, haluwa ya siku hiyo, kama inavyotakiwa. Alimbusu mkono. Alimweleza habari ya kunguru, yote, mpaka yai la pili la kware.

"Ulimwamini?"

"Kwa nini nisimwamini? Mimi sikuhitaji kunguru aje anithibitishie kwamba siibi. Nilikuwa nalijua hilo tangu mwanzo."

"Basi ulimsamehe?"

Panayot aliweka kikombe chini polepole.

"Nilimwambia: Zdravka, umenitukana sokoni, unaniomba radhi jikoni?"

Aliponifungulia geti kunitoa, akasema tu, akitazama barabara, "Halva nilikula. Halva haina kosa."

Sijui msomaji ungefanya nini baada ya hapo. Mimi nilirudi mabwawani jioni ileile, nikiwa na hasira kidogo na mwanamke huyo, na hasira zaidi na mji huu wangu ambao uko tayari kumgeuza mtu kimanda kwa sababu ya ndoo.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya nyumba ya pampu akila mkate, jibini na nyanya. Alinikatia kipande bila kuniuliza kama nina njaa.

"Umetoka kwake," alisema.

"Nimetoka kwake."

"Goti lake?"

"Baya."

Mbele yetu vitwitwi wa aina zote mbili walikuwa wakikimbia kwenye ukingo wa maji, na safari hii niliweza kumtambua wa chumvi mara moja, kwa mkufu uliokatika. Nilimwonyesha. Aliitikia tu, akili yake haikuwa hapo.

"Alikuambia la jikoni," alisema.

"Aliniambia."

"Ana haki. Nilikwenda jikoni kwa sababu jikoni hakuna mtu. Nilitaka anisamehe kimya kimya, ili yeye ajue, mimi nijue, na huko nje niendelee kupigwa bega. Alinishika hapohapo. Yule mzee hajawahi kukubali kazi ya nusu, hata chumvi. Ukimletea chumvi yenye tope alikuwa anaimwaga bwawani mbele yako, uanze upya."

Ndipo akaniambia sababu ya kutupigia simu, na haikuwa na uhusiano wowote na kutaka tuone kazi yake. Alinionyesha ndege kwa sababu bila ndege watu hawataelewa kosa lilivyotokea. Mtu asiyejua kwamba wa chumvi na wa changarawe ni ndege wawili tofauti, hawezi kuelewa kwa nini yeye, mtu mwenye akili zake, alimshuku mtu mwema kuliko wote anaowajua.

"Alinifundisha kuwaangalia kifua na miguu," alisema. "Mimi nikatumia somo lake kumtia yeye hatiani. Hilo ndilo linaloniuma. Sikumshuku kwa sababu ni mbaya. Nilimshuku kwa sababu anajua."

Alikuwa amekwisha kwenda ushirika, siku moja kabla sijafika, na kuwaomba wamrudishie Panayot ufunguo. Wakamjibu kwamba wataona, jambo hili limeshakuwa la watu wote. Aliposimulia jibu hilo alitema mbegu ya nyanya kwa nguvu.

"La watu wote! Sawa. Basi watu wote walisikie."

Gazeti hili hutoka Jumamosi, siku ya soko. Mpango wa Zdravka ni huu: Jumamosi atanunua nakala yake asubuhi kwenye kibanda, atavaa miwani ya kusomea, atasimama mbele ya meza ya samaki wakati foleni ni ndefu, na atayasoma maneno haya kwa sauti, kuanzia kunguru hadi mwisho. Hataki nimsomee mimi. Hataki mhariri ayapunguze makali.

"Na Panayot asipokuja sokoni?" nilimwuliza. "Haji tena Jumamosi, nimeambiwa."

"Najua haji. Nitasoma hivyohivyo. Waliosikia la kwanza ndio wanaotakiwa kusikia la pili. Yeye alishasikia lake."

"Watakucheka, shangazi."

"Wacheke. Wataniita Bibi Kunguru, naona kabisa. Jina hilo angalau ni langu."

Alikunja karatasi ya jibini, akaiweka mfukoni. Anachotumaini, alisema, ni kitu kidogo. Si kwamba waketi tena meza moja siku ya ubatizo, hilo ni la Mungu na la Panayot. Anataka alfajiri moja amwone mzee huyo anakuja na koleo lake juu ya Tuta la Kati, asimame, amtazame ndege, na amwambie umekosea, Zdravka, huyo ni wa changarawe.

"Mwaka mzima nimekuwa sahihi peke yangu," alisema. "Hakuna wa kubishana naye. Nimechoka."

Kisha akaniambia niandike sentensi ya mwisho mbele yake, akasimama nyuma ya bega langu mpaka nilipomaliza, akaisoma mara mbili, akaniamuru nisiizungushe wala nisiipambe.

Panayot Hrusanov wa Slanitsa hakuiba yai hata moja.